Kilomita tatu za kwanza ndizo zilizokumaliza

*Swali: Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Tabata Segerea, kazi yangu ni ya ofisini. Mwaka jana nilikimbia kilomita 10 kwenye mbio za hapa Dar. Kilomita 3 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 18, nikajiona niko vizuri kabisa. Kufika ya 6 miguu ikawa mizito, kichwa kinagonga, nikawa nakimbia na kutembea mpaka mwisho. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 14. Lakini mazoezini, jioni nikitoka kazini, nakimbia kilomita 8 kwa dakika 58 bila kusimama. Sasa nimeshalipia kilomita 21 za mwezi wa nane na zimebaki wiki 12. Wenzangu wananiambia ninywe maji mengi zaidi, wengine wanasema ninunue viatu vya bei. Tatizo langu ni pumzi, maji au viatu? Na je, 21 nitaiweza?*

Dada yangu, 21 utaiweza. Naanza na hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia. Pumzi unayo. Mtu anayekimbia kilomita 8 bila kusimama jioni ya Dar, lami bado inatema joto la mchana, huyo hana shida ya pumzi. Viatu tutavigusa. Maji nitayazungumza kwa kirefu kwa sababu ushauri uliopewa una hatari ndani yake. Lakini kilichokumaliza mwaka jana umekiandika mwenyewe, pale uliposema ulijiona uko vizuri kabisa.

Tupige hesabu. Kilomita 8 kwa dakika 58 ni kilomita moja kwa dakika 7 na sekunde 15. Hiyo ndiyo kasi ambayo mwili wako umeizoea. Siku ya mbio ulianza kwa dakika 6. Kilomita 7 zilizobaki zikakuchukua dakika 56, yaani dakika 8 kila moja. Sasa chukulia ungezikimbia zote 10 kwa dakika 7, ambayo bado ni kasi kuliko ya mazoezini: ungemaliza kwa saa 1 na dakika 10. Mwanzoni uliokoa dakika 3, mwishoni ukalipa 7, na kichwa kikauma juu yake. Huo ni mkopo wa kausha damu.

Najua jinsi ilivyokuwa pale mwanzoni, kwa sababu naiona kila mwaka. Alfajiri, muziki uko juu, mshereheshaji anahesabu kuanzia kumi kurudi nyuma, mbele yako kuna vijana wa klabu za jogging, pembeni yako wa kilomita 5 wanaochomoka kama wanawahi basi la mwendokasi. Umati unakubeba. Miguu imepumzika siku mbili, damu imechangamka, na joto la mwili halijapanda bado. Hiyo ya mwisho ndiyo inayodanganya kuliko zote. Zaidi ya robo tatu ya nguvu unayotumia kukimbia hugeuka joto, lakini joto hilo hujikusanya taratibu, kwa hiyo kwenye dakika kumi za kwanza huwezi kuhisi ulichojifanyia. Unakuja kukihisi dakika ya ishirini na tano, thelathini, na wakati huo kupunguza mwendo hakusaidii tena kama ambavyo kungesaidia mapema.

Na hapa Dar joto lina namna yake. Umewahi kuanika kanga mwezi wa nne? Inashinda kutwa kwenye kamba na jioni bado ina unyevu, hata kama jua lilitoka. Jasho lako liko hivyo hivyo. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lile linalodondoka chini na kulowesha fulana halijakupoza hata kidogo, limekupunguzia maji tu. Alfajiri ya Dar, hata mwezi wa nane ambapo kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 19 au 20, hewa imejaa unyevu wa bahari, na jasho linakauka kwa shida. Basi moyo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kupeleka damu kwenye misuli ikimbie, na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Ukianza kwa kasi kubwa, moyo haufikishi damu ya kutosha huku wala kule. Miguu inakuwa mizito, kichwa kinagonga. Ndivyo ilivyokuwa kwako kilomita ya 6.

Wala usidhani ni udhaifu wa wanaoanza. Alphonce Simbu, huyu wetu, alikimbia marathoni ya Boston Aprili 2025 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4, akashika nafasi ya pili. Septemba mwaka huo huo, kwenye mashindano ya dunia Tokyo, kwenye joto na unyevu, alichukua dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ni karibu dakika tano zaidi, na akawa bingwa wa dunia. Ni kweli mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana, lakini hali ya hewa ile pia ilidai chake. Alikaa ndani ya kundi muda wote na kumpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa ndani ya uwanja, kwa sehemu ya sekunde. Kama Simbu anaiheshimu hali ya hewa kiasi hicho, mimi na wewe tuna sababu zaidi.

Kwa hiyo kazi yetu ya wiki 12 ni moja: kukufundisha kuanza polepole na kukujengea uvumilivu wa kukaa barabarani zaidi ya saa mbili na nusu. Kasi tuiache mwaka huu.

Utajuaje kwamba unakwenda polepole vya kutosha? Saa ya mkononi inasaidia, lakini mimi nawafundisha wangu kwa mchakamchaka. Umesoma shule za huku, unaujua. Mmoja anaongoza wimbo, wengine mnaitikia huku mnakimbia. Ukiweza kuitikia sentensi nzima bila kukatika, hiyo ni kasi ya mazoezi, na asilimia themanini ya mbio zako za wiki ziwe hapo. Ukibaki unatoa maneno matatu kisha unavuta hewa, hiyo ni kasi ya mbio, na utaifika nusu ya pili ya siku yenyewe. Ukishindwa hata kusema "subiri", umezidisha, punguza papo hapo. Kwa wiki tatu za kwanza utajiona kama unapoteza muda. Vumilia. Mwili unajifunza kutoka jasho mapema na kwa wingi, damu inaongezeka maji, moyo unatulia. Mabadiliko hayo ya kuzoea joto huja ndani ya siku kumi hadi kumi na nne, ila lazima uwe unakimbia ndani ya joto lenyewe. Mashine ya kukimbilia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi haitakupa.

Kimbia mara nne kwa wiki. Siku mbili za kati ya wiki, dakika 40 hadi 50 kwa mwendo wa kuitikia wimbo. Siku moja tafuta mlima. Dar ni tambarare, ndiyo, lakini Mlimani pale Chuo Kikuu kuna miinuko mizuri na magari ni machache kuliko barabara kubwa. Panda dakika moja na nusu kwa bidii, shuka ukitembea, mara tano mwanzoni, mara nane baadaye. Mlima unakupa nguvu ya miguu bila kuhitaji kukimbia mbio kali za kuumiza.

Siku ya nne ni Jumapili, na hii ndiyo usiyoruhusiwa kuikosa. Anza na kilomita 9 wiki hii, kisha 10, kisha 12, wiki ya nne urudi 9 mwili upumue. Halafu 13, 14, 15, urudi 11. Wiki ya tisa 16, ya kumi 18, ya kumi na moja ushuke 12, na wiki ya kumi na mbili ni mbio. Huhitaji kukimbia 21 mazoezini. Ukifika 18 ukiwa na afya, tatu zilizobaki utazikamilisha siku ya siku.

Jumapili hizo zikimbie alfajiri, siyo jioni. Umezoea jioni, ambapo joto linashuka kadiri unavyokimbia. Siku ya mbio ni kinyume chake. Mkianza saa 12 asubuhi, wewe utakuwa barabarani mpaka saa 2:40 hivi, na jua la kutokea baharini litakupata wakati umechoka tayari. Mwili uujue mpangilio huo. Na tumbo pia lijue kula na kufanya haja saa tisa na nusu usiku, maana foleni ya vyoo kabla ya mbio zetu unaijua.

Usikimbie peke yako gizani. Klabu ya jogging haikosekani Tabata, jiunge nayo, hata kama wao ni wa kilomita 5 na nyimbo. Kimbia nao, kisha mwanga ukitoka malizia zako. Mnapokuwa barabarani kaeni upande wa kulia ili magari na bodaboda mzione zinakuja usoni. Angalau mara mbili nenda ukimbie kwenye njia yenyewe. Mbio nyingi za jiji hili hupita Oysterbay, Barabara ya Toure na Daraja la Tanzanite. Daraja hilo, lililoanza kutumika 2022, lina urefu wa kilomita moja hivi na halina kivuli hata cha mkono. Mwezi wa nane upepo wa kusi huwa usoni ukitokea Masaki kurudi mjini. Ni vizuri kuyakuta haya siku ya mazoezi.

Sasa maji. Kunywa maji mengi zaidi si jibu, na kwa mtu wa mwendo wa saa mbili na dakika arobaini linaweza kuwa kosa baya. Wanaokimbia mbele wana muda mchache wa kunywa. Sisi wa nyuma tuna muda wa kusimama kila meza ya maji na kumaliza chupa. Ukijaza maji matupu kupita jasho unalopoteza, chumvi ndani ya damu inapungua nguvu, na hapo ndipo kinakuja kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba, na ikizidi, mtu kuchanganyikiwa na kuanguka na degedege. Watu wamekufa hivyo kwenye mbio duniani, na tumbo limejaa maji.

Fanya hivi. Jumapili moja jipime uzito nyumbani kabla ya kutoka, ukiwa na nguo chache, na ujipime tena ukirudi, umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja. Ulikuwa 68, umerudi 67, na njiani ulikunywa nusu lita: umepoteza lita moja na nusu. Huhitaji kuirudisha yote ukiwa unakimbia. Kupungua kilo moja hadi moja na robo kwa mwili wa kilo 68 ni sawa. Kama umerudi na uzito uleule, na hasa ukiongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Kwa wengi wa mwendo wako, mafunda makubwa manne matano kila dakika ishirini, jumla yake kama nusu lita kwa saa, yanatosha, na kiu ikusaidie kuamua.

Chumvi nayo irudi. Dawa rahisi iko duka lolote la dawa: ORS. Pakiti moja kwenye maji kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, usiipunguzie maji ili iwe kali. Nusu yake itie kwenye chupa ya kushika mkononi. Kama una presha, muulize daktari kwanza. Madafu nayapenda sana, na baada ya mbio hakuna kinachonipoza kama dafu la pale ufukwe wa Coco, lakini madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa sodiamu. Hayachukui nafasi ya chumvi.

Hiyo chupa ya mkononi nakusisitizia kwa sababu yalinikuta. Mbio moja hapa jijini tulifika meza ya kilomita 14 tukakuta maboksi matupu na vijana wa maji wamesimama hawana la kutuambia. Jua lilikuwa limeshapanda. Dada mmoja nyuma yangu alianza kulia. Waliotangulia walikuwa wamejimwagia vichwani maji ya kunywa ya wenzao. Tangu siku hiyo sitoki bila changu, na simruhusu mwanafunzi wangu atoke bila chake.

Chakula hakina mengi. Usiku wa kuamkia mbio, wali au ugali wako wa kawaida, siyo nyama choma. Saa tisa na nusu, mkate na asali, ndizi mbivu moja, chai, na glasi mbili za maji basi. Supu na chapati ni za baadaye. Njiani tende mbili kila dakika arobaini, zilizotolewa kokwa, kwenye mfuko mdogo wa nailoni. Zijaribu mazoezini kwanza. Na kuna tabia imeenea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kuanza ili maumivu yasije. Tafadhali usifanye. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo.

Viatu: bei si hoja. Kama vyako vimekubeba kilomita 8 bila goti wala kisigino kulalamika, vinakufaa. Ukitaka kubadilisha, badilisha sasa, siyo wiki ya mwisho. Mtumba wa soko la Karume unaweza kukupa kiatu kizuri, lakini bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi pembeni, imekufa hata kama juu kinang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu huvimba kwenye joto. Fulana ya pamba inabaki na jasho na kuwa nzito, tafuta ya kitambaa chepesi cha jezi. Ile utakayopewa na namba usiivae siku hiyo kama hujaifua na kuikimbilia. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na chini ya mkanda wa sidiria. Utanishukuru bafuni.

Kabla ya hayo yote, wiki hii, pita kituo cha afya upime presha na sukari. Umri wetu unadai hivyo. Ukiwahi kuhisi kifua kubana ukikimbia, simama na umwone daktari kabla ya mazoezi yanayofuata.

Siku yenyewe, simama nyuma. Nyuma kabisa, mpaka uone aibu. Kama mna chipu ya kupima muda, muda wako unahesabiwa ukikanyaga mkeka wa mstari wa kuanzia, kwa hiyo hupotezi kitu. Kilomita 5 za kwanza kimbia kwa dakika 8 kila moja. Watakupita watu wengi, wakiwemo wenye matumbo na wenye kuimba. Waache. Utakuwa na dakika 40 na pumzi ya kuitikia wimbo. Kuanzia hapo mpaka kilomita 15 nenda kwa dakika 7 na sekunde 45. Kila meza ya maji tembea hatua thelathini ukinywa, kisha endelea. Kutembea kulikopangwa hakufanani na kule kulikokukuta mwaka jana: huku unapumzisha moyo kabla haujaelemewa. Ukifika 15 ukiwa unajisikia vyema, ongeza kidogo, dakika 7 na nusu. Ukifanya hivyo utamaliza kwa saa 2 na dakika 43 hivi. Ikiwa asubuhi hiyo ina joto na mawingu mazito yasiyo na upepo, ongeza sekunde 20 kwa kila kilomita tangu mwanzo na usijadiliane na nafsi yako. Vaa kapelo. Maji ya kujimwagia omba mabaki, siyo chupa nzima.

Jambo moja lijue kwa ajili yako na kwa ajili ya wenzako. Ukihisi baridi na vinyweleo kusimama wakati jua linawaka, ukiyumba, au ukiona mwenzako anaongea maneno yasiyoeleweka, mbio zimeisha hapo hapo. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima, barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani na kinenani, na mtu mmoja akimbilie wahudumu wa afya. Anzeni kumpoza kabla gari la wagonjwa halijafika, dakika zile ndizo zinazookoa.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika kumi, nywa iliyobaki kwenye chupa, kula kitu chenye chumvi, halafu ndipo piga picha na medali. Baada ya ile Jumapili ya kilomita 18 niandikie uzito wako kabla na baada, muda wako, na jinsi miguu ilivyokuwa Jumatatu. Kwa hizo namba nitakuambia kama tuanze kwa dakika 8 au tuibadilishe.